Aliyefungua Mlango

Hati ilikuwa na kurasa nne za Kiingereza, na ndani yake neno "he" lilitokea mara kumi na moja. Mkalimani alihesabu kwa ncha ya kalamu, akiwa ameketi nyuma ya duka la vitambaa katika Barabara ya Nane, Mayfair, na msichana mwenye hati akimtazama kama mgonjwa amtazamavyo tabibu anayesoma majibu ya vipimo. La kwanza lilimhusu baba. Matano yaliyofuata yalimhusu mume. La saba ndilo lililoisimamisha kalamu. Mtu fulani alikuja usiku, akafungua mlango wa chumba, akampa msichana nauli, akamsindikiza mpaka stendi ya mabasi, akamwambia asirudi, akageuka kwenda zake. Na mtu huyo, kwa mujibu wa hati, alikuwa mwanamume.

"Mwanangu, huyu aliyekufungulia mlango ni nani?"

"Ni yeye tu, mama."

"Yeye nani?"

Msichana alitazama kwanza upande wa mlango wa duka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mke mwenzangu."

Mkalimani ni mzaliwa wa Mombasa, na ameishi Mayfair muda mrefu kuliko alivyokusudia. Kazi yake ni kushona mabuibui. Ukalimani ulimjia kwa njia ya upande, kwa kuwa mawakili wanaowatetea wakimbizi bila malipo hukosa watu wa kuwafasiria, na habari zilipowafikia kwamba nyuma ya duka fulani yuko mwanamke mwenye Kiingereza cha shule na Kiswahili cha nyumbani, wakaanza kumtumia watu. Msichana huyu alikuwa mmoja wao. Alitoka mwambao wa kusini mwa Tanzania, alikuwa na miaka 19, na ombi lake la hifadhi lilikuwa limekwisha kukataliwa mara moja. Barua ya kukataliwa ilisema kwamba aliolewa, hakupatana na mumewe, akaondoka kwa msaada wa mwanamume mwingine. Kwa hiyo jambo lake lilikuwa la kifamilia. Rufaa ilikuwa na siku chache zilizobaki.

Anayeifahamu Mayfair hatashangaa kwamba jambo la namna hii liliamuliwa kwa lugha tatu na kupotea katikati yake. Kitongoji hiki kiko magharibi ya katikati ya jiji la Johannesburg, kimepakana na Fordsburg. Chini ya sheria ya 1950 iliyogawa makazi kwa rangi, kilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Familia za Kihindi zikaanza kuingia kabla sheria hiyo haijafutwa mwaka 1991, nyingine zikikodi nyumba kwa majina ya watu wengine. Wasomali walifuata katika miaka ya tisini, na baada ya mashambulizi dhidi ya wageni ya Mei 2008 wengi waliokuwa na maduka katika vitongoji vya mbali walikimbilia hapa. Leo mtu hununua mchele kwa Msomali, kahawa kwa Muethiopia na simu kwa Mpakistani. Kiswahili si lugha ya yeyote kati yao, lakini hakikosekani. Kinasemwa na Wakenya, Watanzania na Wakongo, na kinasemwa pia na Wasomali waliokulia Eastleigh au katika kambi za Dadaab, wanaokitumia kwa ufasaha wa mtu aliyejifunza lugha kwa kuihitaji.

Katika mkusanyiko huo wa lugha, Kiswahili na Kizulu hukutana katika jambo moja dogo. Mzulu akisema "uvule umnyango", hajasema kama aliyefungua mlango ni mume au mke. Naye Mswahili akisema "alifungua mlango", vivyo hivyo. "Yena" wa Kizulu na "yeye" wa Kiswahili ni ndugu, na wote wawili hawajishughulishi na jinsia. Ndiyo maana katika foleni za Johannesburg husikika Mzulu na Mtanzania wakikosea Kiingereza kwa namna ileile, mama akiitwa "he" na shemeji wa kiume akiitwa "she", bila hata mmoja wao kumcheka mwenzake. Msomali hana udhuru huo. Kwake kitenzi chenyewe hutangaza: aliyefungua akiwa mwanamume ni "furay", akiwa mwanamke ni "furtay". Lau kama msichana angelisimulia kwa Kisomali, mke mwenza asingeweza kugeuzwa mwanamume hata kwa dakika moja.

Ni rahisi kumlaumu mfasiri wa kwanza, lakini lawama hiyo lazima ipimwe. Kiingereza kilimlazimisha kuchagua katika kila sentensi, na msichana hakumpa cha kuchagulia. Akabaki na desturi. Usiku, mlango, nauli, stendi ya mabasi: kichwani mwake mambo hayo yalimwita mwanamume, labda hawara. Na hata mtu aliyelelewa ndani ya Kiswahili asingefika haraka kwa mke mwenza. Jamii zetu zimeuimba ukewenza kama vita kwa miaka mingi; sehemu kubwa ya taarabu ya mipasho na maneno mengi ya khanga hujengwa juu ya imani kwamba wake wawili wa mume mmoja hawawezi kutakiana mema. Kwa hiyo lugha haikumkosesha peke yake. Iliacha nafasi tupu, na jamii ikaijaza kwa mazoea yake.

Mkalimani alirudi ukurasa wa kwanza, na hapo akakuta kosa la pili, ambalo ni la kinyume. Hati ilisema, kwa Kiingereza chepesi, kwamba msichana alifunga ndoa akiwa na miaka 15.

"Wewe ulimwambiaje?"

"Nilisema niliozwa."

Wanaopenda kusifu Kiswahili kwamba hakina jinsia wangepaswa kukaa na kitenzi hiki kidogo kwa muda. Sifa hiyo hutolewa kwenye mikutano, na mara nyingine na watu ambao hawajawahi kuozwa. Ni kweli kwamba ngeli za Kiswahili hazigawi mume na mke; mtu, mbwa na malaika huingia pamoja katika ngeli ya kwanza, na kiambishi "a-" huwahudumia wote. Lakini jinsia iliyotolewa kwenye kiwakilishi haikuondoka nyumbani. Ilihamia kwenye kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Kiingereza, ambacho hakiwezi kusema mtu kapita bila kutaja jinsia yake, hapa kina kitenzi kimoja kinachowatosha wote wawili. Kiswahili, ambacho hakiulizi jinsia ya mpita njia, kikifika kwenye ndoa hutaka kujua nani ni mtenda na nani ni mtendwa.

Utaratibu huo una nguvu kiasi kwamba kuuvunja ni mzaha au tusi. Mwanamume aliyehamia kwenye nyumba ya mkewe na kulishwa naye, wenzake husema "kaolewa". Mayfair mzaha huo una kazi ya ziada, kwa kuwa wako vijana waliooa wenyeji na kukaa kwao, na mzaha hauwaachi. Hakuna aliyebadili hata kiwakilishi kimoja. Imebadilishwa kauli ya kitenzi, na kila mtu barazani ameelewa kwamba uanaume wa mtu umetiliwa shaka. Magazeti ya siku hizi hupenda kuandika "wameoana" au "wamefunga ndoa", labda kwa nia njema. Mitaani bado watu huolewa.

Kuozwa kuna mtu wa tatu ndani yake. "Kuoa" kukiingia kauli ya kutendesha huwa "kuoza": baba humwoza binti yake. Kukirudishwa katika kutendwa huwa "kuozwa". Mzungumzaji wa pwani akisikia "niliozwa" hahitaji kuuliza kama palikuwa na mtu aliyeamua. Yumo ndani ya sauti ya "z". Mwanamume naye huozwa, lakini huozwa mke. Sentensi yake hubakiwa na kitu cha kupokea. Binti huozwa, basi. Kiingereza kinaweza kulisema jambo hili, kwa maneno mawili au matatu, endapo mfasiri atalisikia. Aliyeandika hati hakulisikia, au alilisikia akaona ni namna tu ya kusema.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito wa kisheria. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998, inapoeleza maana ya kundi la kijamii ambalo watu wake wanaweza kuteswa kwa kuwa ni wa kundi hilo, hutaja waziwazi jinsia na mwelekeo wa kimapenzi. Mwanamke anayekimbia ndoa aliyotiwa kwa nguvu ana mahali pa kusimama katika sheria hiyo. Mwanamke aliyefunga ndoa akamchoka mume hana. Kati ya wanawake hao wawili palikuwa na silabi moja.

Na hata nyumbani alikotoka silabi hiyo imewahi kufika mahakamani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 na wa kuolewa kuwa 15. Aliye chini ya miaka 18 alihitaji ridhaa ya baba, ikiwa ni msichana. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi wa kwanza. Katika mjadala uliofuata neno "ridhaa" lilitajwa sana, lakini msikilizaji wa Kiswahili angeweza kuuliza swali jepesi zaidi: ridhaa ya nani, ikiwa kitenzi chenyewe kimekwisha kuiweka kwa mtu mwingine?

Upo upande wa istilahi pia, na hauhitaji kukawia. Neno la Kiarabu lililotupatia "jinsi" lilikuwa na maana ya aina au namna. Ndiyo maana mtu husema "jinsi ya kupika pilau" bila kumfikiria mume wala mke. Tanzania, hasa tangu wanaharakati wa TGNP, iliyoanzishwa mwaka 1993, wajiite Mtandao wa Jinsia, wasomi wametenga "jinsi" kwa maumbile na "jinsia" kwa majukumu ambayo jamii huyagawa. Kenya, ambako Katiba ya 2010 ilileta mjadala usiokwisha wa thuluthi mbili ya jinsia, neno moja hubeba mizigo yote miwili. Fomu za ofisini zimepita mkato: Me, Ke. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi na kuitia jinsia ndani ya nambari. Kitambulisho cha nchi hiyo kina tarakimu 13. Sita za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, na nne zinazofuata zikiwa kati ya 0000 na 4999 mwenyewe ni mwanamke, zikiwa 5000 au zaidi ni mwanamume. Anayeomba hifadhi ili siku moja apate nambari yake anaomba pia, bila kujua, kuwekwa katika nusu moja ya hesabu hiyo.

Nchi hiyohiyo ndiko alikofia Wilhelm Bleek, mwanaisimu Mjerumani aliyelieneza jina "Bantu" katika elimu ya lugha. Bleek aliishi Cape Town hadi kufa kwake mwaka 1875, na katika utangulizi wa kitabu chake cha mwaka 1864 kuhusu ngano za Wakhoikhoi alishikilia kwamba lugha zinazogawa majina kwa jinsia ndizo zinazomwezesha msemaji kuwapa wanyama utu na kuzua ngano zao. Lugha kama zetu, zenye ngeli zisizo za mume na mke, alizitazamia upungufu katika jambo hilo. Miaka sita baadaye Edward Steere alichapisha hadithi alizozikusanya Unguja. Ndani yake sungura anamchezea simba, na paa anamwoza bwana wake maskini binti wa sultani. Hakuna msikilizaji wa Unguja aliyehitaji "he" au "she" ili kumwelewa sungura. Jambo la kuchekesha ni kwamba hata paa huyo, pamoja na werevu wake wote, alijua ndoa hutengenezwa na mtu wa tatu.

Nyuma ya duka, mkalimani aliendelea kusoma. Katika ukurasa wa tatu akakuta jambo lililomfanya avue miwani. Msichana alieleza kwamba kabla ya kupanda basi alilala usiku mmoja kwa "shoga" yake mjini. Katika pwani ya Mombasa na Unguja, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke. Mabibi huitana hivyo wakipeana vibandiko vya chapati dirishani. Lakini katika Kiswahili cha miji mingi ya leo neno hilo limegeuzwa kuwa la kumdharau mwanamume anayependa wanaume, na huyo ndiye aliyeingia kwenye hati: rafiki wa kiume, shoga. Sasa palikuwa na wanaume wawili katika usiku ambao haukuwa na hata mmoja. Mkalimani alicheka kidogo, kisha hakucheka tena.

Makosa mawili kati ya matatu hayakuwa na ubishi. "Niliozwa" iliandikwa upya kwa Kiingereza kirefu, baba akatajwa kama mtenda. Shoga akarudishwa uanauke wake. Lakini mke mwenza alikuwa jambo jingine, na hapo ndipo msichana alipoweka mkono wake juu ya karatasi.

"Huyo muache hivyohivyo, mama."

"Ukimwacha hivi, wanaona ulitoroka na mwanamume. Watakukatalia tena."

"Bado yuko kule. Yuko mle nyumbani."

Sheria inaahidi kwamba maelezo ya mwomba hifadhi ni siri. Mkalimani aliijua ahadi hiyo na aliamini kwamba mawakili huitimiza. Lakini msichana hasomi Kiingereza. Kila barua aliyopata alisomewa na mtu aliyekuwa karibu: jirani wa chumba cha pili, kijana wa duka la simu, mpangaji mwenzake ambaye kwao ni mwendo wa saa mbili kutoka kijijini kwa msichana. Habari ya Mayfair hufika pwani kwa simu kabla pilau ya Ijumaa haijaiva. Aliposimulia mara ya kwanza hakusahau kutaja jinsia ya aliyemfungulia. Kiswahili kina njia nyingi za kumtaja mtu anayetaka kutajwa: yule bibi, yule mama, bi mkubwa. Hakutumia hata moja. Alimfunika kwa "a-", kama mtu anavyomtupia mwenzake kanga begani wakati wa kutoka.

Mkalimani alijaribu kuitafsiri kanga hiyo. Aliandika kwa Kiingereza "mtu mmoja". Wakili, alipopigiwa simu, alisema kwa upole kwamba afisa atauliza ni mtu gani, na kusita kwa msichana kutaonekana kama uongo. Akapendekeza "they", ambayo Kiingereza hukitumia tangu zamani kwa mtu asiyejulikana jinsia. Mkalimani aliijaribu katika sentensi zote tano, akazisoma kwa sauti, na akaona zinaleta kundi la watu mlangoni usiku ule. Wangeulizwa walikuwa wangapi.

Inawezekana kusema kwamba huo ndio upungufu wa Kiingereza, na wako watakaosema. Lakini Kiingereza hakikuwa na hatia kubwa kuliko Kiswahili siku ile. Kimoja kilidai kumwona mtu ambaye usalama wake ulikuwa katika kutoonekana. Kingine kilikuwa kimekwisha kumwona msichana, tangu utotoni, kama wa kuozwa.

Msichana aliomba apige simu. Alitoka hadi ukumbini, karibu na ngazi, na mkalimani akabaki na vitambaa na sauti ya adhana kutoka msikiti wa mtaa wa pili. Simu haikuchukua muda. Salamu zilikuwa ndefu kuliko jambo lenyewe. Shikamoo na marahaba zilisikika, na kuulizana hali za watoto mmoja baada ya mwingine, na kicheko kimoja. Aliporudi aliketi mahali palepale, akarekebisha mtandio.

"Kasemaje?"

"Kasema, waambie ni mimi."

Mkalimani alikata neno la saba kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "she", akaenda kwenye la nane.